Boi wa mgodini: Peter Abrahams na Johannesburg ya kabla ya 1948

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nianze na jina la kitabu. Peter Abrahams, mwandishi wa Afrika Kusini, aliiita riwaya yake Mine Boy. Hilo neno la pili tunalijua vizuri, tulilitohoa zamani tukapata boi. Mzee mwenye wajukuu na mvi zake, akipika na kufua kwa mzungu, aliitwa boi mpaka siku anazikwa. Sasa mtazameni Xuma, mhusika mkuu: katoka kijijini kaskazini, miraba minne, anafika Johannesburg usiku bila kumjua mtu. Mgodini anapewa unyapara, aongoze wenzake chini ya mzungu mmoja, Paddy O'Shea. Cheo chenyewe kinaitwaje? "Boss boy". Kapanda cheo, utoto hajavuliwa.

Kitabu kilitoka 1946. Ushikeni mwaka huo, tafadhali. Wengi wetu tulifundishwa kuhesabu ubaguzi wa Afrika Kusini kuanzia 1948, chama cha National kiliposhika dola na apartheid ikawa sera ya serikali. Abrahams alizaliwa 1919 Vrededorp, Johannesburg, akaondoka nchini mwake 1939. Aliyoyaandika yalikuwepo kabla neno lile halijavuma. Sheria ya migodi ya 1911 ilikuwa imekwisha kuwatengea wazungu kazi za ufundi. Sheria ya ardhi ya 1913 ilikuwa imewaachia Waafrika kiasi cha asilimia 7 ya nchi yao.

Asilimia 7 ni takwimu, na takwimu hailii. Ndiyo maana nakipenda kisa kile cha mchimbaji anayekohoa damu. Vumbi la mawe limemla mapafu, naye anaficha kikohozi kama mwizi anavyoficha mali. Kwa nini? Kwa sababu anadaiwa pauni 8, na akiachishwa kazi familia yake itapoteza shamba. Hakuna aliyemshika kwa minyororo akashushwa shimoni. Hesabu yenyewe inamshusha. Hapo mwandishi anatuonyesha kwamba ubaguzi haumhitaji mzungu mwenye roho mbaya kila saa. Karani mpole anautosha.

Kuna na pasi. Polisi anamsimamisha mtu mweusi barabarani amwoneshe karatasi ndipo apite. Waliolelewa Kenya hawahitaji maelezo. Babu zao walivaa kipande, kitambulisho cha mkoloni, shingoni, ndani ya kikasha cha bati.

Lakini mtu aliyeniteka mimi ni Leah. Ni mama pima, muuza pombe, pale mtaa wa Malay Camp, Johannesburg. Sheria inamkataza mtu mweusi kupika pombe, kwa hiyo pombe inazikwa ardhini, polisi wanahongwa, na biashara inaendelea. Leah ana sauti, ana mkono mzito, ana huruma ambayo haitangazi. Mwishowe ananaswa, anafungwa miezi 9. Abrahams alijua wazi: pale ambapo riziki yenyewe imeharamishwa, mwenye akili zaidi mtaani ndiye atakayekuwa mhalifu.

Eliza, mpenzi wa Xuma, simmalizi. Ni mwalimu, anatamani maisha ya wazungu, anajichukia kwa kuyatamani, halafu siku moja anaondoka kwa treni. Nadhani mwandishi alimwacha njiani. Ila kuna usiku Xuma anapelekwa nyumbani kwa Paddy. Chakula, divai, viti laini, na Di, mchumba wa Paddy, anamkirimu. Hakuna anayemtukana. Na ni pale, katikati ya ukarimu ule, ndipo Xuma anapoelewa maradhi ya Eliza. Matusi angeyazoea. Kiti laini ambacho si chako na hakitakuwa chako, hicho hukizoei.

Baadaye Paddy anamwambia, kwa ufupi, ajifikirie kwanza kama mtu, weusi ufuate. Naam, naona dada mmoja safu ya tatu anatikisa kichwa, na ana haki. Ni rahisi kwa mwenye ngozi ya Paddy kusema hivyo. Lakini msimtie Abrahams kapu moja na wahubiri wa upole. Mwaka 1945 alikuwa Manchester, kwenye Kongamano la Umajumui wa Afrika, ukumbi mmoja na Kenyatta na Nkrumah. Alijua siasa.

Na mwisho wa riwaya si maneno. Mgodi unaporomoka. Johannes, mweusi, na bosi wake mzungu Chris wanakufa pamoja humo. Wakubwa wanaamuru watu washuke tena. Xuma anagoma: tengenezeni kwanza. Paddy anavuka upande wa pili, anasimama na wachimbaji, na polisi wanamkamata. Xuma anatoroka. Halafu anarudi kujisalimisha, kwa sababu hawezi kukubali mzungu afungwe kwa ajili ya jambo lake, yeye akiwa huru.

Mwezi Agosti wa mwaka uleule wa 1946, nje ya kitabu, zaidi ya wachimbaji Waafrika 60,000 waligoma wakidai shilingi 10 kwa siku. Polisi waliwarudisha mashimoni kwa virungu na risasi. Kwenye mgomo ule wa kweli, akina Paddy walikuwa wapi?

Dada wa safu ya tatu, nadhani hilo ndilo ulilotaka kuniuliza. Mpelekeeni kipaza sauti.