Jalada Halimjui Mtu

(Mazungumzo ya mtunza kumbukumbu mstaafu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na watumishi wapya, chuo kikuu kimoja jijini Dodoma)

Mbukwenyi!

Naona walioitikia salamu hiyo ya Kigogo ni wachache, na wote wamekaa nyuma. Hao ndio wenyeji. Sisi wengine tumekuja Dodoma kwa barua, ama ya ajira, ama ya uhamisho, ama ya kuchaguliwa kujiunga na chuo.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie namna ya kuwafahamu wahadhiri na watumishi nje ya kazi zao. Nilicheka kidogo aliponipigia simu, maana mimi nimestaafu kutoka masjala. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa mtu anayejua kila mfanyakazi wa hapa alizaliwa lini, alisoma wapi, na akifa nani apigiwe simu. Ukiniletea jina, nakupa namba ya jalada bila kugeuza shingo. Nilidhani nawajua watu.

Siku moja tukapata msiba. Mhudumu wa ofisi, mama aliyekuwa akituletea chai kila saa nne asubuhi, alifariki. Nikaambiwa niandae wasifu wake wa kusomwa makaburini. Nikafungua jalada: barua ya ajira, cheti cha kuzaliwa, fomu za likizo, onyo moja la kuchelewa kazini. Wasifu wangu ukawa mistari sita. Tulipofika msibani huko Veyula tukakuta wanawake wengi ajabu. Kumbe mama yule alikuwa mweka hazina wa vikoba vitatu, na ni yeye aliyefundisha nusu ya mtaa kukausha mlenda usiharibike hadi masika mengine. Msomaji alipomaliza mistari yangu sita, bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo ni nani mnayemsoma?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo nikaanza kuwatazama watu wa majalada yangu kwa jicho jingine. Yaliyomo ndani ya majalada yenyewe siwaambii hata mkinibembeleza. Cha masjala hubaki masjala. Nitawaambia niliyoyakuta nje.

Kulikuwa na mhadhiri wetu wa takwimu. Sitamtaja, ila wanafunzi walimwita Dokta Sapu, kwa ajili ya sapu, yaani mitihani ya marudio, na wa mwaka wa pili wanacheka kwa sababu wanamjua. Ukikosea nukta moja umekosa swali zima. Hakuna aliyethubutu kugonga mlango wake. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpelekea barua naisukumia chini ya mlango.

Basi Jumamosi moja nikaenda mnadani Msalato kununua mbuzi wa kipaimara. Wageni, kama hamjafika Msalato, nendeni mkale nyama, bumu, yaani pesa ya mkopo wenu, likitoka lakini! Nikamkuta Dokta kavaa katambuga, fimbo begani, anabishana Kigogo na mzee mmoja kuhusu bei ya beberu. Alikuwa anacheka. Sikujua kwamba ana meno ya dhahabu, maana sikuwahi kuyaona.

Akaninunulia soda. Tukakaa chini ya mti, akanisimulia kwamba alikulia Kongwa akichunga. Jioni mbuzi wakirudi zizini yeye ndiye mhesabuji. Akipungua mmoja, hakuna kula. Anarudi porini gizani kumtafuta, na porini kuna fisi. "Mama," akaniambia, "hawa vijana wanadhani namba ni namba. Mimi nikiona namba imekosewa, namwona mbuzi aliyebaki nje."

Akaniambia pia habari za babu yake, aliyeyaona matrekta ya Waingereza yakifyeka vichaka vya Kongwa kuanzia mwaka 1947 kwa ajili ya mradi wa karanga. Pauni zaidi ya milioni 30 ziliteketea, na kufikia mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mvua za kule hazitabiriki, na udongo kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu. Babu alikuwa analijua hilo, kama alivyolijua kila Mgogo anayelima uwele. Wazungu walimwajiri kung'oa visiki. Kazi yake ilikuwa visiki, basi aliulizwa habari za visiki tu.

Nikamwambia Dokta, hadithi ya mbuzi isimulie darasani. Akakataa. Akakataa mwaka mzima! Mwaka uliofuata, kipindi cha kwanza, akaisimulia. Sapu hazikupungua, msije mkajidanganya. Ila wanafunzi walianza kugonga mlango. Nilikuwa napita pale na barua zangu, nakuta wawili watatu kwenye benchi, na mmoja anamwambia mwenzake, "Nimekuja kumtafuta mbuzi wangu."

Sasa, kwa nini hapa Dodoma ni rahisi kufanya kazi na mtu miaka kumi na usimjue? Mimi naona ni kwa sababu mji wenyewe umejaa watu ambao mizigo yao haijafunguliwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini serikali ilikuja kuhamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kilianza mwaka 2007, na hata hivyo wengi wetu bado tunaitwa wageni. Mwenzako familia iko Dar es Salaam, Ijumaa mchana kibegi kiko chini ya meza. Zamani angalau basi lilikula kutwa nzima, mtu alifikiria mara mbili. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma mwaka 2024, ni kama saa nne tu, na Jumamosi ofisi zote zimehama. Siilaumu treni, naipanda pia. Lakini utamjuaje mtu ambaye hujawahi kumwona Jumamosi?

Halafu kuna vyeo. Kiswahili chetu kimejaa majina ya kuitana: mama, baba, kaka, dada, shangazi, babu. Ukishamwita mtu mjomba, umejipa haki ya kumuuliza watoto wanaendeleaje. Chuoni tunaitana Profesa, Dokta, Mhasibu, Bosi, Afande. "Shikamoo Profesa." "Marahaba." Kimya. Mazungumzo yamekufa yakiwa bado na afya.

Afande huyo ninayewatajia ni mlinzi wetu wa geti la chini. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mtafiti kutoka Ulaya kutafuta wapigaji wa ilimba, marimba ya Kigogo ile ya vidole. Akakodi gari, wiki nzima anazunguka vijiji vya Chamwino. Asubuhi anatoka, jioni anarudi, na mlinzi anamfungulia geti, anamfungia geti. Siku ya mwisho mtafiti karudi usiku, akasikia muziki unatoka kibandani. Mlinzi alikuwa akipiga ilimba yake asilale! Wiki nzima walikuwa wanasalimiana kwa mkono tu.

Tusimcheke yule Mzungu, maana sisi tulikuwa na miaka tisa na mlinzi huyohuyo. Mkoa huu huu ndio uliomtoa Hukwe Zawose, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuupeleka muziki wa Kigogo kwenye majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003. Angekuwa mlinzi wetu, sisi tungemdai aandike namba za magari vizuri.

Hapa naomba wanangu wa kike mnisikilize, na wa kiume pia. Kumfahamu mwalimu nje ya kazi kuna njia yake, na njia hiyo ina watu wengi. Mnadani, kwaya, uwanjani, msibani, shambani kwake kwenye zabibu msimu wa kuvuna akiwaalika mkiwa kundi. Huko mtafahamiana, na heshima itabaki. Lakini mhadhiri akikwambia uje peke yako, usiku, umchukulie matokeo, mwanangu, huyo hataki kufahamiana na mtu. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU namba yao ni 113, kupiga ni bure. Na wewe mtumishi mpya uliyekaa pale mbele ukitazama simu, nawe umesikia.

Na umbea je? Nilijua mtaniuliza. Mimi nina kipimo kimoja: kama habari ya mtu naweza kuisema akiwa amesimama hapa, naisema. Mhadhiri wa mbuzi nilimwomba ruhusa jana. Mlinzi yuko getini, anajua kwamba ninamsema, na amenituma niwaambie muache kuendesha pikipiki kwa fujo.

Nimalizie kwa jalada la mwisho nililolifunga. Lilikuwa langu. Siku ya kustaafu nilipewa nilihakiki kabla halijaenda stoo. Folio ya kwanza kabisa ni fomu ya taarifa binafsi niliyoijaza mwaka 2008. Kuna mstari umeandikwa "Shughuli nyingine." Miaka hiyo nilikuwa naimba sauti ya pili kwenye kwaya, nashona sare za watoto wa mtaa mzima, na nina miche arobaini ya zabibu Mpunguzi. Nikakuta nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Hakuna."

Nikatoa kalamu. Lakini jalada la mstaafu haliandikwi tena, na sheria hiyo niliwafundisha vijana wangu mwenyewe. Kijana aliyenirithi kiti alikuwa amesimama ananisubiri. Nikalifunga, nikampa, akagonga muhuri.

Akaniuliza, "Mama, hizo zabibu umeshavuna?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Nikavuta kiti, nikakaa.