Kabla ya Darubini, Upepo: Kuwatazama Ndege Wahamao Uingereza Wakati wa Vuli

(Mhadhara uliotolewa mwishoni mwa Septemba mbele ya wasemaji wa Kiswahili waishio Hull na miji ya jirani.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, karibuni, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu jioni hii.

Nimeombwa nizungumze kuhusu ndege wanaopita nchi hii wakati wa vuli. Neno langu kubwa nalisema mapema, ili hata atakayewahi basi aondoke nalo: kabla ya kununua darubini, jifunze upepo. Mtu ajuaye upepo, akiwa na macho yake matupu, ataona mengi kuliko mwenye darubini ya bei mbaya anayetoka siku yoyote ilimradi hakuna mvua.

Sisi tuliokulia pwani tumezoea kuishi na upepo. Tunajua kaskazi ikishika, vitwitwi kutoka nchi za baridi wamejaa kwenye matope ya Mida, pwani ya Kenya, na kusi ikirudi wameshaondoka. Uingereza haina upepo wa kukaa miezi. Hapa upepo hugeuka kila siku mbili tatu, na kila ukigeuka, ndege waliopo hubadilika. Kwa hiyo anayewatafuta ndege husikiliza utabiri wa hali ya hewa kama nahodha, jioni baada ya jioni, kuanzia Agosti hadi katikati ya Novemba.

Misafara ni miwili, na hupishana. Wa kwanza ni wa wanaoondoka. Teleka, wale weusi wenye mbawa kama mundu wanaopiga kelele juu ya paa zetu Juni na Julai, mwanzoni mwa Agosti karibu wote wamekwenda, na wanakokwenda ni Kongo, wengine wakasogea hadi Msumbiji. Kekeo ndiye anayeshangaza zaidi. Yeye humaliza kutaga kwenye viota vya ndege wengine, na ifikapo mwishoni mwa Juni wengi wameshaanza safari, kabla sisi hatujafikiria vuli. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa ndege la hapa, BTO, liliwafunga makekeo watano wa mashariki mwa Uingereza vifaa vidogo vya setilaiti mgongoni. Ikaonekana kumbe baadhi hupitia Italia na baadhi Hispania, wote wakaishia kwenye misitu ya Kongo. Baada ya miaka kadhaa ya kuwafuatilia, ikaonekana pia kwamba wanaopitia Hispania hufa zaidi njiani. Mbayuwayu hukawia hadi Septemba na Oktoba, nao huenda mbali kuliko wote hao, hadi Afrika Kusini.

Msafara wa pili ni wa wanaoingia, na huu wageni wengi hawaujui, kwa sababu mtu kutoka nchi za joto hawezi kuamini kwamba kuna kiumbe anayekuja Uingereza kutafuta hali nzuri ya hewa. Lakini kwa aliyezaliwa Iceland, Norwei, Greenland au Siberia, Uingereza ni nchi ya kukimbilia ili kuepuka baridi. Mabata bukini wenye miguu ya waridi wa Iceland na Greenland karibu wote huja kukaa Uingereza, na kuanzia katikati ya Septemba utawasikia wakipita juu wakiwa wamejipanga. Ndege waitwao mikesha huja kwa maelfu kutoka Skandinavia.

Sasa tuje kwenye upepo wenyewe. Chukueni usiku wa Oktoba, Norwei kumetulia, mbingu safi, nyota zinaonekana. Ndege wadogo husubiri usiku kama huo. Jua likizama wananyanyuka na kukata bahari kuja kusini-magharibi. Wana dira zaidi ya moja: jua, nyota, na pia uvuto wa sumaku wa dunia, jambo ambalo mtafiti Wolfgang Wiltschko alilithibitisha huko Frankfurt katika miaka ya 1960 kwa kutumia ndege aina ya robin waliofungiwa. Katikati ya Bahari ya Kaskazini wanakutana na wingu zito, mvua, na upepo wa mashariki. Nyota zimefunikwa, manyoya yamelowa, upepo unawasukuma pembeni. Alfajiri, wale walionusurika hushuka kwenye ardhi ya kwanza wanayoiona. Ardhi hiyo ndiyo pwani yetu hii ya mashariki.

Tarehe 3 Septemba 1965, kwenye pwani ya Suffolk, hali hiyo ilitokea kwa kiasi ambacho watazamaji ndege wa Uingereza wanakisimulia hadi leo. Ndege wadogo waliokuwa wakielekea kusini walishuka kwa makundi makubwa mno wakati wa mvua, wamechoka kiasi cha kutua miguuni na mabegani mwa watu.

Kwa hiyo ukisikia utabiri unasema upepo wa mashariki au kusini-mashariki, wingu, na mvua inayofika alfajiri, omba ruhusa kazini. Ukisikia upepo wa magharibi wenye nguvu kwa siku tatu mfululizo, fanya usafi wa nyumba.

Lakini kuna namna nyingine ya asubuhi ambayo mimi naipenda zaidi, nayo haihitaji tufani. Upepo mwepesi wa kusini-magharibi, yaani wa mbele kwa ndege anayekwenda kusini, humlazimisha aruke chini karibu na ardhi, kwa sababu juu upepo ni mkali zaidi. Upepo ukiwa wa nyuma yake hupanda juu sana na wewe chini huoni kitu, ukadhani siku ni tupu kumbe wanapita maelfu. Saa mbili tatu za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo zenye wingi.

Mahali pa kusimama tunapo karibu. Spurn ni ulimi mwembamba wa mchanga na kokoto, kama kilometa 5, unaoziba nusu ya mdomo wa mto Humber. Kituo cha kuchunguza ndege kipo pale tangu mwaka 1946. Ndege wanaofuata pwani kuja kusini hubanwa na umbo la nchi: bahari kushoto, mto kulia, na ukanda unaozidi kuwa mwembamba. Simama kwenye ukingo karibu na kijiji cha Kilnsea na utawaona mbayuwayu wakija chini kabisa, juu kidogo ya majani, moja kwa moja, hawazunguki kuwinda kama wakati wa kiangazi. Anayewatazama kwa mara ya kwanza huhisi kabisa kwamba hawa wana safari. Wanaotaka kutembea hadi ncha ya rasi waangalie kwanza jedwali la maji, kwa sababu dhoruba ya Desemba 2013 ilikata barabara, na maji yakijaa sana hufunika ule mkato.

Nataka niwaelezee ndege mmoja kwa karibu. Waingereza humwita goldcrest. Ana rangi ya kijani kilichofifia, jicho kubwa jeusi, na utosini mstari wa manjano kama umechorwa kwa kalamu. Uzito wake ni gramu 5 au 6. Sarafu ya peni 20 mliyo nayo mfukoni ina gramu 5. Wataalamu wanaomnasa kwa nyavu za nyuzi laini humvisha pete mguuni, humpima bawa kwa rula, kisha humpuliza tumboni taratibu. Manyoya yakifunguka, ngozi inaonekana, nyembamba kama karatasi ya sigara, na chini yake unaona mafuta: ya manjano ikiwa yapo, na pale shimoni chini ya koo ndipo yanapoanza kujaa. Ndege aliyefika asubuhi hiyo kutoka ng'ambo mara nyingi hana kitu pale, na msuli wa kifua umeliwa hadi mfupa unachomoza. Hilo ndilo linalonishika mimi kuliko rangi yoyote. Kiumbe huyu amevuka bahari ya mamia ya kilometa usiku mmoja, na amefika akiba ikiwa imeisha. Pembezoni mwa Spurn utamkuta akiruka ndani ya majani mita moja kutoka kwenye buti lako akitafuta buibui, wala hana muda wa kukuogopa. Msimkaribie zaidi kwa ajili ya picha. Kila anaporushwa anapoteza chakula ambacho hawezi kukimudu.

Habari ya pete inanirudisha nyuma kidogo. Kwa karne nyingi Ulaya haikujua mbayuwayu wanakwenda wapi. Wapo wasomi waliosema hulala chini ya matope ya mabwawa hadi majira ya kuchipua, na yupo Mwingereza mmoja wa karne ya 17, Charles Morton, aliyeandika kwamba ndege huenda mwezini. Mwaka 1822 huko Ujerumani aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mshale wa Kiafrika umepenya shingoni, na mwili wake umehifadhiwa Rostock hadi leo. Hapo watu walianza kuelewa. Uvishaji wa pete ulipoanza Uingereza mwaka 1909, ushahidi haukukawia: mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire Mei 1911 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ndugu zangu, watu wa Natal walikuwa wakiwaona mbayuwayu hao kila mwaka tangu zama. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha ncha mbili za safari.

Walinzi wa minara ya taa baharini nao walikuwa wanajua mengi. Mtaalamu wa ndege William Eagle Clarke alikwenda kukaa mwezi mzima kwenye mnara wa Eddystone, nje ya Plymouth, vuli ya mwaka 1901, akitazama ndege wakizunguka ndani ya miali ya taa usiku wa giza na wengi wao wakijigonga na kufa. Kenya tuna jambo la namna hii pale Ngulia, Tsavo Magharibi: Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka, taa za hoteli huwavuta ndege wahamao, na tangu mwaka 1969 watafiti huwanasa, huwavisha pete na kuwaachia. Tofauti ni kwamba pale taa imegeuzwa kuwa nyenzo ya elimu. Kwenye minara ilikuwa mauti. Kisiwani Bardsey, Wales, taa nyeupe iliyokuwa ikizunguka ilibadilishwa mwaka 2014 ikawekwa nyekundu ya kumweka, na ndege wakaacha kufa pale kama zamani.

Kwa asiye na gari, au mwenye zamu za usiku, vuli inamfuata nyumbani. Oktoba, usiku usio na upepo mwingi, fungua dirisha au simama uani. Utasikia sauti nyembamba ikitoka gizani juu, “siiip”, kisha kimya, kisha nyingine mbali kidogo. Ni mkesha mwenye ubavu mwekundu, redwing, anaita ili wenzake wasipotee. Hull inamsikia, Leeds inamsikia, London inamsikia. Wafanyakazi wa hospitali mliomo humu, mkitoka kupumzika saa nane usiku, inueni masikio.

Na kwa mtu wa pwani, safari moja ya kwenda Snettisham, Norfolk, ataifurahia bila kufundishwa. Chagua siku ya bamvua, asubuhi. Maji yakijaa hufunika matope yote ya ghuba ya The Wash, na vitwitwi wa kijivu waliotoka Greenland na kaskazini mwa Kanada, makumi ya maelfu, hawana pa kusimama, hunyanyuka kwa pamoja. Siku ya maji mafu usiende, hutaona hilo.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Vuli Uingereza imegeuka msimu wa kukimbilia ndege adimu. Mtu anaendesha gari usiku kucha kwa sababu ndege mmoja wa Siberia ameonekana kichakani. Simzuii. Lakini mimi naona anayesimama mahali pamoja kila wiki na kuhesabu mbayuwayu, mikesha na bukini anafanya kazi kubwa zaidi. Kekeo yuko kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini hapa, na mwaka 2021 teleka naye aliingizwa, pamoja na mbayuwayu mweupe kiunoni anayejenga kwa udongo chini ya paa zetu. Hao wote ni ndege wa kawaida, ambao hakuna aliyewahi kuwakimbilia kwa gari. Tulijua wanapungua kwa sababu kuna watu waliowahesabu mwaka baada ya mwaka. Programu ya BirdTrack ya BTO ni ya bure, na hesabu ya mgeni inapokelewa sawa na ya mwenyeji.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza kama mbayuwayu wa Spurn ndio wale wanaojaa kwenye nyaya za umeme Tanga. Hapana, mama. Wa Uingereza hushuka kupitia Ufaransa, Hispania na Morocco, hukata Sahara, hupita Kongo hadi Afrika Kusini. Wetu wa Tanzania na Kenya hutoka hasa Ulaya ya mashariki na Asia.

Kwa hiyo neno hili la mwisho ni la wenzetu wa Kongo mlio wengi humu. Teleka, kekeo na mbayuwayu wa Yorkshire wanafika kwenu. Pete ya Uingereza imeandikwa namba, pamoja na anwani ya Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Waambieni jamaa zenu Kisangani, Bukavu na vijijini: ndege akipatikana na pete, namba yote isomwe taratibu, tarehe iandikwe na mahali, pete ipigwe picha kwa simu, na mtutumie hapa Hull. Aliye hai asivuliwe pete, aachiwe aende. Sisi tutaipeleka taarifa panapohusika, na jibu la alikotoka ndege huyo litarudishwa kwa aliyemwona.