Ugiriki ya majina unayoyajua: Korintho, Marathon, Patmo na visiwa vya kale

Habari zenu ndugu zangu, mlioko Dar, Tanga, Mombasa, Bujumbura, Muscat na popote mnaponitazama. Wakubwa wote shikamooni. Karibuni tena Athens. Leo nimepanda kilima kinachoitwa Filopappou. Hapo nyuma yangu mnaiona Acropolis yote, ule mwamba wenye mahekalu ya kale, na nikigeuza kamera hivi, ile kule ni bahari na bandari ya Piraeus. Kupanda hapa hulipi hata senti.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la Santorini. Dada, nauli kiasi gani, hoteli kiasi gani, zile nyumba nyeupe ziko wapi hasa. Nitafika huko, nawaahidi. Ila kwanza nawaomba jambo moja: ukijaliwa kuja Ugiriki, usije kupiga picha moja ukarudi. Nchi hii imejaa majina uliyoyasikia tangu mdogo, kanisani, darasani, redioni wakati wa Olimpiki. Korintho. Patmo. Marathon. Yote hayo ni mahali panapofikika kwa basi au kwa meli, na ukifika ukiwa na kisa chake kichwani, mawe yanaongea na wewe.

Tuanze na hili gofu lililo mbele yetu. Parthenon, hekalu la mungu wa kike Athena, ilianza kujengwa mwaka 447 KK kwa marumaru ya mlima Penteli, huko nje ya mji. Wengi wanadhani imebomoka kwa uzee. Sivyo. Ilidumu zaidi ya miaka elfu mbili ikiwa imesimama karibu nzima. Ikawa kanisa, ikawa msikiti. Mwaka 1687 Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani yake, jeshi la Venice likawa linapiga mizinga, na kombora lililorushwa kutoka kilima hiki hiki nilichosimama likaifikia ile baruti. Ndiyo maana katikati pale mnaona uwazi.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1800 akaja balozi wa Uingereza, Lord Elgin, akabandua sehemu kubwa ya sanamu zilizobaki akazisafirisha kwao. Mpaka leo ziko British Museum. Sasa hapo chini kuna Jumba la Makumbusho la Acropolis, lilifunguliwa mwaka 2009, na tafadhali usiliruke. Panda ghorofa ya juu kabisa. Wamezipanga sanamu kwa kufuata mzunguko wa hekalu lenyewe, na penye kipande kilichoko London wameweka nakala ya plasta. Vipande halisi vina rangi ya asali, vya plasta ni vyeupe pee. Unatembea huku macho yenyewe yanakuhesabia kilichochukuliwa. Mimi kila nikipita pale namkumbuka mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kule Lindi kati ya 1909 na 1913, na leo mifupa yake imesimamishwa Berlin. Wagiriki hawajaacha kudai, na nafasi ya kuziweka wameshaijenga. Hilo nawaheshimu nalo sana.

Tiketi ya Acropolis sasa ni euro 30, unanunua mtandaoni kwa saa maalumu. Chukua ya saa mbili asubuhi, wanapofungua, maana wakati wa kiangazi kuna siku joto linazidi hadi geti linafungwa mchana. Kuanzia Novemba mpaka Machi, Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure. Viatu vya visigino virefu haviruhusiwi. Hata raba, vaa zenye kushika, kwa sababu nyayo za watu zimeyasugua yale marumaru mpaka yanateleza.

Ukishatoka, pale pale chini kuna mwamba mtupu, hauna jengo wala tiketi. Ndiyo Areopago ya Matendo 17, Paulo alipowaambia watu wa Athene habari za Mungu asiyejulikana. Pembeni kuna bamba la shaba lenye hotuba ile kwa Kigiriki. Wapendwa wanaotoka nyumbani, wengi wanakipita kile kimwamba wakikimbilia juu. Simama kidogo.

Haya, Korintho. Ni kama kilomita 80 kutoka Athens, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Njiani unavuka mfereji uliokamilika mwaka 1893, zaidi ya kilomita 6 za mwamba uliokatwa wima. Teremka darajani uone meli inavyopita kule chini. Kisha unafika Korintho ya kale, na hapo ndipo nataka mtu wa nyumbani aipe siku yake yote. Kuna nguzo saba za hekalu la Apollo, kila moja imechongwa kwa jiwe moja refu. Kuna soko. Kuna barabara ya mawe iliyokuwa ikielekea bandarini. Katikati ya soko kuna jukwaa, ndiyo bema, mahali pa hukumu, Paulo alipofikishwa mbele ya Galio, liwali wa Akaya.

Lakini kilichonishika mimi ni jiwe. Karibu na magofu ya ukumbi wa maonyesho kuna sakafu ya mawe yenye maandishi ya Kilatini, herufi kubwa, zimechimbwa ndani ili zijazwe madini. Yanasema Erasto aliitengeneza sakafu ile kwa gharama yake mwenyewe kwa sababu ya cheo alichopewa mjini. Sasa fungua Warumi 16, mstari wa 23: "Erasto, wakili wa mji." Wataalamu wanabishana kama ni mtu yule yule, na mimi siwezi kuwaamulia. Nilichuchumaa pale nikafuatisha herufi moja moja kwa macho, nikafikiri: hawa Wakorintho walioandikiwa waraka juu ya upendo walikuwa na majirani, vyeo, na sakafu za kulipia. Tangu siku ile nikisoma waraka ule naiona barabara.

Marathon sitakaa sana. Mji upo, na pana kilima cha udongo walipozikwa Waathene 192 waliokufa vitani mwaka 490 KK. Nenda kama unapenda riadha. Mwisho wa njia ya mbio za marathon zinazoanzia huko, huku mjini Athens, kuna uwanja wa Panathenaic, wa marumaru tupu. Hapo ndipo Catherine Ndereba wa Kenya alipomaliza wa pili mwaka 2004 na kuchukua fedha ya Olimpiki. Ukilipa kiingilio unaruhusiwa kukimbia humo ndani. Kimbia!

Sasa visiwa. Ugiriki inavyo kama 6,000 ukihesabu na vile vidogo vidogo, ingawa vyenye watu havifiki 230. Na sisi watu wa pwani tuna neno na mabaharia hawa. Katika karne ya kwanza BK kuna mtu aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini, akaitaja pwani yetu, bandari ya Rhapta, pembe za ndovu na vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Na watu wa Dar, ule ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja ni wa jina la Mgiriki, Arnautoglu. Tumejuana zamani.

Santorini kama nilivyoahidi. Ni nzuri, siwadanganyi. Ila Julai na Agosti bei zinapaa na vichochoro vya kijiji cha Oia havipitiki. Njoo Mei au mwanzoni mwa Oktoba. Na ukifika, nenda Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu ya volkano ile iliyoupasua mlima zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Nyumba za ghorofa, mifereji ya maji machafu chini ya barabara, mitungi bado imepangwa stoo. Watu wanalala Santorini usiku kadhaa na hawaiangalii!

Ila kisiwa kilichonigusa kuliko vyote ni Delos. Hakuna hoteli, hairuhusiwi kulala. Unatoka Mykonos kwa boti kama nusu saa, jioni unarudi. Wagiriki wa kale waliamini mungu wao Apollo alizaliwa pale, wakapatakasa hata mwaka 426 KK Waathene wakayahamisha makaburi yote na kukataza mtu asizaliwe wala asifie kisiwani. Leo unapita kwenye mitaa, visima na nyumba za matajiri zenye sakafu za vijiwe vya rangi. Halafu unajiuliza, utajiri huu ulitoka wapi? Strabo, mwandishi wa enzi za Warumi, ameandika kwamba Delos iliweza kupokea na kusafirisha watumwa elfu kumi kwa siku moja. Na kulikuwa na msemo: mfanyabiashara, tia nanga, shusha, kila kitu kimeshauzwa.

Nilipokuwa shule tulipelekwa Unguja, Mkunazini, tukashuka vile vyumba vya chini penye soko lililofungwa mwaka 1873. Kwa hiyo pale Delos watalii wenzangu walipokuwa wanapiga picha na sanamu za simba, mimi nilikwenda kukaa karibu na gati la kale. Hapakuwa na watu wetu katika habari hiyo, wengi walitolewa Siria na nchi za jirani. Lakini ni watu. Ukienda, wakumbuke.

Mwenye bajeti ndogo aende Aegina, boti ya kasi dakika kama 40 kutoka Piraeus. Kuna hekalu la Afaia msituni, karanga za pistachio kila duka, na pweza wameanikwa kwenye kamba mbele ya migahawa. Hydra nayo haina magari, mizigo inabebwa na punda; watu wa Lamu mtajiona nyumbani. Patmo ni mbali, ni safari ya usiku kwenye meli, lakini pango la Ufunuo wa Yohana lipo, na juu yake kilimani monasteri iliyoanzishwa mwaka 1088.

Mtazame upepo pia. Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini wanauita meltemi, ukichafuka meli zinazuiwa kutoka. Usipange kurudi kutoka kisiwani siku ile ile ya ndege yako.

Waislamu wenzetu, Athens sasa ina msikiti rasmi, eneo la Votanikos, ulifunguliwa mwaka 2020.

Viza ni ya Schengen: ada euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Unaweza kuomba hadi miezi sita kabla ya safari, basi omba mapema. Wiki ijayo napanda basi kwenda Delphi, kwa hiyo mwenye swali la huko aniandikie kabla sijaondoka.