Taj Mahal, Culture, na ile noti ya katikati

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Spika inakoroma kidogo, tuvumiliane. Asanteni kwa kuja, maana kwa mvua hii mtu angebaki zake ndani na chai yake nisingemlaumu.

Nimeambiwa nichague albamu moja niiongelee, nikachagua hii inaitwa Mkutano, ya 2005, Taj Mahal pamoja na wenzetu wa Culture Musical Club, kundi la taarabu la Unguja. Kuna mmoja pale mlangoni kaniuliza, kwani Taj Mahal si lile jengo la India? Ni lile, ila huyu ni mtu, Mmarekani mweusi mpiga bluzi, jina alilopewa na wazazi ni Henry Saint Clair Fredericks, kazaliwa New York 1942 kakulia Springfield huko Massachusetts, upande wa baba asili yao visiwa vya Karibi na baba alikuwa mtu wa jazi, mama mwalimu mzaliwa wa South Carolina na muimbaji wa kanisani. Halafu chuo kikuu akaenda kusomea mifugo, eeh, ng'ombe kabisa, chekeni tu.

Sasa huyu bwana hajawahi kutulia sehemu moja. Albamu yake ya kwanza 1968 bluzi tupu, lakini 1971 keshapanda jukwaani na wapiga tuba wanne, yale matarumbeta makubwa ya kukumbatia, 1974 yuko kwenye rege, baadaye akahamia Hawaii akapiga na watu wa huko, 1995 akarekodi na Wahindi, 1999 akatoa Kulanjan na Toumani Diabaté wa Mali na kora yake, kile kinubi cha Afrika Magharibi. Kwa hiyo anakutana na Culture mtu mzima wa miaka sitini na kitu, sio yule mgeni wa kushika dumbak, ile ngoma ya taarabu, apigwe picha. Nalisema hili kwa sababu albamu za aina hii nyingi zinanichosha, msanii wa nje anakuja wiki moja, wenyeji wanageuzwa pambo la nyuma, kwenye kava anaandikwa yeye kwa herufi kubwa, basi.

Culture nao sio watoto. Wapo tangu 1958, walianza wakiitwa Shime Kuokoana, na kundi lao ni msitu wa vyombo: ganuni ile ya nyuzi nyingi inayolazwa, udi, fidla zimejipanga, akodioni, nai ambayo ni filimbi, dumbak, rika ambayo ni tari, na ile besi kubwa ya kusimama nayo. Halafu ukiwaondoa hao mafidla mengi ukabakiza fidla moja, ukaongeza ngoma mbili ndogo na mpigaji wa sanduku, ile besi ya uzi iliyoundwa kwa sanduku, unapata kidumbak, na hapo harusini hakuna anayebaki kwenye kiti.

Swali langu la leo ni dogo tu. Gitaa la bluzi na ganuni wanaongea nini? Nimemuomba fundi wetu hapa aje na ganuni yake na mimi nimekuja na gitaa langu bovu tuoneshane. Ukienda kwenye piano, ukipanda ngazi ya noti, kuna noti ya tatu ya huzuni na noti ya tatu ya furaha, zimepakana, katikati hakuna kitu. (Naongelea noti ya muziki, ile ya kutuza tutafika.) Mpiga bluzi anaitaka hiyo ya katikati, ambayo kwenye piano haina kibonyezo, kwa hiyo anabonyeza ya chini halafu anauvuta uzi kwa kidole, hivi... mmesikia? Inalia. Sasa fundi, tupe Rast, moja ya ngazi za noti za Kiarabu. Mnaona mkono wake wa kushoto, vile vichuma vidogo pembeni ya nyuzi, anakiinua kimoja, anashusha kingine, noti inakaa pale pale katikati bila kuvutwa na mtu. Sisemi ni noti ile ile, msije mkanibandika maneno. Ya Rast ina kiti chake, fundi akikikosa wazee wanageuka kumtazama, ya bluzi inateleza, leo huku kesho kule kulingana na mtu kaamkaje. Lakini zote mbili zinaishi kwenye ufa ambao piano imeuruka, na akodioni ya dukani pia imeuruka.

Ndio maana nyinyi mliozaliwa kwenye taarabu bluzi haiwasumbui masikio.

La pili ni kurudia. Bluzi mstari wa kwanza unarudiwa ndio linakuja jibu. Natunga sasa hivi:

Boti ya asubuhi imeondoka na wangu,
nasema boti ya asubuhi imeondoka na wangu,
nimebaki gatini na nauli mkononi mwangu.

Kwenye taarabu nako muimbaji mstari anaurudia, na mimi naamini, ni dhana yangu tu, kwamba kule kurudia ndiko kunakompa mama muda wa kufungua pochi, kuinuka na kusogea mbele kutuza. Sasa ile noti nyingine, ya kutuza, mnaiona inafanya kazi gani.

Tatizo ni mwendo. Bluzi inachechemea, mguu mmoja mrefu mwingine mfupi, na ina nyumba yake ya baa kumi na mbili, sio baa za pombe, ni vipande vya mapigo, ukifika mwisho unarudi mlangoni. Taarabu inafuata shairi, beti likiisha vyombo vinaitikia kwa urefu vinaoutaka. Kwa hiyo kuna sehemu kwenye Mkutano, kwa sikio langu, watu wanapishana kama kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, pita wewe, hapana tangulia wewe. Sikilizeni wimbo wa Catfish Blues, huyo kambare wa Mississippi alishampika na kora kule kwenye Kulanjan, na hapa kamleta tena, mkilinganisha mtaona kora ilimpokea kirahisi zaidi. Ila wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe, ambao wengi tumeujua kwa sauti ya Bi Kidude, ukisikia umo kwenye albamu ya mpiga bluzi unaelewa kwamba mgeni alikubali kuketi mkekani.

Mzee pale anauliza sasa hii ni bluzi au taarabu. Mzee wangu, ngoja tujaribu hapa hapa. Fundi, rudi kwenye ile ya tatu, ishike usiiachie, na mimi navuta kutokea chini nikufuate... bado... bado kidogo... hapo hapo! Aah. Jamani uzi umekatika, nipeni dakika mbili.