Nje Hukimbia, Ndani Huchelewa: Sanamu za Kioo na za Mbao Katika Viwanja vya Ucheki

Mabibi na mabwana, karibuni.

Wengi wenu mmeshashika kioo cha Ucheki bila kujua. Shanga nyingi ambazo akina mama wa Kimaasai hutungia mikufu na mapambo hutoka kaskazini mwa nchi hiyo, pande za Jablonec nad Nisou. Ushanga mmoja ni mdogo kuliko punje ya mtama, na ukitoka motoni hupoa mara moja. Sasa chukueni kioo kama hicho, mkipe unene wa sentimita 40: tanuri litafungwa kwa zaidi ya miezi mitatu kabla ya fundi kuthubutu kugusa mlango. Leo tutazungumza juu ya miezi hiyo mitatu, na juu ya kinachofuata sanamu ikishatolewa na kusimamishwa uwanjani, kwenye jua, mvua na theluji.

Mji wa Železný Brod hauko mbali na Jablonec. Shule yake ya ufundi wa kioo ilifunguliwa mwaka 1920, na mmoja wa walimu wake wa mwanzo, Jaroslav Brychta, ni baba yake Jaroslava Brychtová. Binti huyo alikuja kufanya kazi na Stanislav Libenský, aliyekabidhiwa uongozi wa shule mwaka 1954, na baadaye wakaoana. Libenský alichora kwa mkaa, Brychtová akaufinyanga mchoro ukawa umbo la udongo, kisha umbo likageuzwa kioo tanurini. Kwa njia hiyo ya kuyeyushia kioo ndani ya kalibu, kioo kilitoka kabatini kikaenda kukaa kwenye kuta, makanisa na viwanja. Libenský alifundisha Praha kuanzia 1963 hadi 1987, na wengi wa wachongaji wa kioo wa Kicheki waliomfuata walipita mikononi mwake.

Kabla hatujaingia kazini, shikeni jambo moja. Kioo na mti huugua ugonjwa mmoja. Kioo kikipoa, ngozi ya nje hupoa kwanza na kusinyaa, ndani bado kuna moto. Gogo likikauka, ngozi ya nje hukauka kwanza na kusinyaa, ndani bado kuna maji. Pande zote mbili nje hukimbia na ndani huchelewa, na ufa hutokea pale wanapovutana. Karibu kila kosa nitakalolitaja jioni hii ni sura nyingine ya mvutano huo.

Tuanze na kioo. Umbo la udongo likikamilika, humwagiwa mchanganyiko wa plasta na unga wa silika, yaani mchanga uliosagwa laini, nusu kwa nusu kwa uzito. Plasta peke yake husinyaa na kumeguka kwenye joto kali. Silika ndiyo inayoibeba. Kwa sanamu kubwa hutiwa waya wa wavu ndani ya kuta za kalibu. Udongo huchokolewa wote, halafu kalibu hukaushwa taratibu kwa siku kadhaa. Hapa wanaoanza huharibikiwa: kalibu huonekana kavu kwa nje, kumbe ina maji tumboni, na yakigeuka mvuke tanurini huupasua ukuta na kioo chote humwagika sakafuni.

Kiasi cha kioo hupatikana kwa hesabu ya jikoni kabisa. Pima ujazo wa umbo kwa maji. Kila lita moja ya maji ni kilo 2.5 za kioo cha kawaida, au karibu kilo 3 kama kioo kimechanganywa na madini ya risasi. Ongeza kidogo kwa ajili ya kile kitakachonata kwenye chungu. Vipande hupangwa ndani ya kalibu yenyewe, au katika chungu chenye tundu kinachowekwa juu yake, na joto hupandishwa hadi digrii 850 hivi. Wakati huo kioo ni kizito kama asali ya asubuhi ya baridi. Hujivuta pembeni pembeni na kuingia kwenye kona kwa saa nyingi. Vipovu na utando unaouona ndani ya sanamu ya namna hii ni alama za mwendo huo. Wasanii wengi huviacha kwa makusudi, na mimi naona wamefanya vyema.

Kalibu ikishajaa, joto hushushwa haraka kupita eneo la digrii 750 hadi 700, maana kioo kikikaa hapo muda mrefu ngozi yake huota chembe na kuwa kama maziwa. Kisha tanuri husimamishwa kwenye digrii 480 hadi 520, kutegemea aina ya kioo, hadi nje na ndani vilingane. Ndipo safari ndefu inaanza.

Kanuni yake ni ya mraba: unene ukizidi mara mbili, muda huzidi mara nne. Kioo cha unene wa milimita 25 chaweza kushushwa mwanzoni kwa digrii 15 kila saa. Cha milimita 50, digrii zisizofika 4. Cha milimita 100, chini ya digrii 1 kwa saa, na kazi yote huchukua wiki nzima. Cha milimita 200 hushushwa kwa robo ya digrii kwa saa. Hesabuni siku 27 hivi. Mkifika 400 mmeshafika kwenye ile miezi mitatu na zaidi. Umeme ukikatika katikati ya safari, tanuri lenye kuta nene huokoa kazi, lenye kuta nyembamba huipoteza. Na kinachohesabiwa ni sehemu nene kuliko zote. Sanamu yenye bawa la sentimita 3 na kifua cha sentimita 20 hupozwa kwa ratiba ya kifua.

Fundi mwenye haraka hatapata jibu lake siku hiyo. Kioo hutoka kizima, husuguliwa, hung'arishwa, husafirishwa, husimamishwa, halafu hupasuka chenyewe usiku wa baridi kali miezi kadhaa baadaye, na watu wakasingizia watoto wenye mawe. Mkazo ule ulifungiwa ndani tangu tanurini. Lakini unaweza kuuona kabla. Weka sanamu kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyopishanishwa, vya aina ileile inayotumika kwenye miwani ya jua ya polaroidi. Kioo kilichotulia hubaki cheusi. Chenye mkazo huwaka mistari myeupe, na ukiona rangi za upinde wa mvua karibu na kona, irudishe tanurini. Mnunuzi wa sanamu ya umma asiyedai kipimo hiki ananunua bahati nasibu.

Mtaniuliza, kwa nini kujitesa na unene kiasi hicho? Kwa sababu kwa Libenský na Brychtová unene ndio rangi yenyewe. Kioo ni cha rangi moja, tuseme kijivu au chekundu. Panapokuwa pembamba mwanga hupita na rangi huwa nyepesi; panapokuwa nene rangi huzama hadi kukaribia weusi. Mchongaji akichimba shimo upande wa nyuma, wewe uliye mbele unaliona kama doa la nuru ndani ya mwili wa sanamu. Kwa hiyo sanamu hii ikiegeshwa ukutani imekufa. Inataka mwanga wa nyuma, na mwanga bora ni wa anga: asubuhi utaiona hivi, saa kumi jioni utaiona vingine.

Njia nyingine zipo, nazipitia kwa haraka. Václav Cigler alichukua kioo safi cha lenzi, akakikata na kukisugua kwa baridi hadi kikawa jiometri tupu inayopindua mandhari. Marian Karel hutumia vioo bapa na chuma kwa vipimo vya majengo. Na ukifika Praha, tazama ukumbi mpya wa Jumba la Maigizo la Taifa, Nová scéna, uliofunguliwa 1983. Msanifu Karel Prager aliufunika kwa matofali 4,306 ya kioo cha kupulizwa, yaliyobuniwa na Libenský. Matofali hayo yana uwazi ndani na kuta nyembamba, kwa hiyo hayana shida ya miezi mitatu. Jengo lenyewe bado linagombanisha watu wa Praha hadi leo. Mimi nasimama na wanaolipenda.

Sasa sanamu iko uwanjani. Praha hupata baridi chini ya sifuri na jua kali la kiangazi. Chukueni tofauti ya digrii 50. Mita moja ya kioo itarefuka milimita 0.45 hivi, chuma milimita 0.6, alumini karibu 1.15. Ni kidogo mno kwa macho, ila kioo hakisamehi. Hivyo bolti haigusi kioo kamwe. Tundu hutobolewa pana kuliko bolti, huvikwa bushi ya nailoni, na chini ya kila washa ya chuma kuna washa ya mpira. Uzito hukalishwa juu ya mpira mgumu au bamba la risasi, maana punje moja ya mchanga chini ya sanamu ya kilo 300 hugeuka patasi. Silikoni iwe ile isiyonuka siki wakati wa kukauka. Yenye siki hula chuma kilicho jirani.

Adui wa pili ni maji yaliyotuama. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Kibonde kilichochongwa juu ya sanamu kwa ajili ya uzuri hugeuka kabari kila usiku wa barafu. Dawa ni mteremko mdogo au tundu la kutolea maji, vyote viamuliwe kwenye udongo, kabla ya kalibu.

Nahamia kwenye mbao. Mti wa taifa wa Wacheki ni lípa, na wachongaji wameupenda kwa karne nyingi kwa sababu ni laini, hauna nyuzi kali, patasi hupita kama kwenye sabuni. Sanamu nyingi za makanisani ni za lípa. Ila mti huo ukiuweka nje bila paa, kuvu huumaliza upesi. Kwa kiwanja cha wazi utataka mwaloni au robinia, tena moyo wa mti peke yake. Ile tabaka nyeupe ya nje iondolewe yote, hata ya mwaloni huoza.

Gogo la sentimita 60 huwezi kulisubiri likauke, hivyo huchongwa likiwa bichi kwa msumeno wa mnyororo, na ndani yake kuna lita nyingi za maji. Mwaloni husinyaa karibu mara mbili zaidi kuuzunguka mduara kuliko kuelekea kiini. Kwa hiyo gogo zima lenye kiini katikati litapasuka tu. Swali ni wapi. Fundi mjuzi huchagua mwenyewe: hupitisha mkato mmoja wa msumeno upande wa mgongo, kutoka nje hadi kwenye kiini, juu hadi chini. Mkato ule hupanuka kadiri mti unavyokauka, na uso wa mbele hubaki salama. Wengine hutoboa kiini chote kwa keekee ndefu. Ncha za gogo hupakwa nta, kama wanavyofanya wakataji wa mpingo kwetu, kwa kuwa maji hutokea nchani haraka kuliko ubavuni.

Mguu ndio huoza kwanza. Usiuchimbie ardhini, wala usiukalishe kwenye zege. Uinue sentimita 5 hadi 10 juu ya kikanyagio cha chuma kisichoshika kutu, ili ncha ipumue. Chuma cha kawaida hakifai hapa: tanini ya mwaloni ikikutana nacho hutoa weusi unaotiririka kama wino hadi kwenye mawe ya uwanja. Kuhusu vanishi, ushauri wangu ni kuiacha. Hupasuka, maji huingia nyuma yake yasitoke, na mti huoza ukiwa umevalia vizuri. Mwaloni ulioachwa hugeuka rangi ya fedha, na rangi hiyo kule Praha inakaa vizuri na mawe.

Mfano wa kila mtu ni kiti cha mchongaji Magdalena Jetelová, kiti kikubwa mno cha mbao kilichosimama mtoni Vltava pembeni ya Makumbusho ya Kampa. Mafuriko ya Agosti 2002 yalikibeba. Kilichopo sasa kiliwekwa baadaye. Tazameni hesabu inayosahaulika: mita tatu za ujazo za mwaloni mkavu ni kilo 2,100 hivi, lakini zikizama husukumwa juu na maji ya kilo 3,000. Kabla mkondo haujagusa kitu, msingi unavutwa kwenda juu kwa kilo 900. Nanga ya sanamu ya mbao ukingoni mwa mto huhesabiwa kwa kuelea kwanza, upepo baadaye.

La mwisho ni kuziunganisha. Rony Plesl mwaka 2022 alionyesha Venice vigogo vya kioo vyenye gome kama la mti hai, kwa hiyo mti na kioo viko katika kitu kimoja bila kugombana, maana mti wenyewe haupo. Ukitaka vyote viwili kweli, kumbuka mwaloni mbichi wa upana wa milimita 300 utapoteza milimita 12 hivi ukikauka. Bamba la kioo lililokazwa humo litabanwa hadi mmoja avunjike. Tumia mti uliokauka, acha nafasi, shikilia kioo upande mmoja tu, na upande wa pili kielee juu ya mpira.

Na kama kioo ni tufe zito lililojaa, usikiweke karibu na mti. Tufe la namna hiyo hukusanya jua nyuma yake, umbali wa nusu ya nusukipenyo chake. Tufe la kipenyo cha sentimita 40 litachoma mwaloni ulio sentimita 10 nyuma, taratibu, kwa mstari mweusi unaofuata mwendo wa jua. Mafundi wanaoshusha matufe hayo kutoka kwenye lori huyaacha na blanketi lake hadi bolti ya mwisho ikazwe.