Jinsi ya kufundisha mnyororo wa matokeo kwenye warsha ya amani

Karibuni watazamaji. Leo tunapanga mradi wa amani ukutani, kwa kadi, kwa mnyororo wa matokeo: hatua zinazounganisha shughuli na lengo kuu, moja ikizaa nyingine. Tuko Arusha, na mfano wetu ni ugomvi wa maji ya mfereji kati ya kijiji cha juu na cha chini, kwenye miteremko ya Meru. Washiriki ni 20 hadi 24, vikundi vinne. Tenga saa tatu, chai ikiwemo.

Vifaa: manila za A1, rangi nne, moja kwa kila rangi. Manila moja hutoa kadi 20 za sentimita 10 kwa 20, kwa hiyo kila kikundi kinapata kadi tano za kila rangi. Kalamu ya maka iwe ya ncha nene; wakipewa nyembamba wataandika aya nzima, na wa nyuma hawatasoma. Kadi moja, wazo moja, maneno yasiyozidi kumi. Ukuta wa chokaa haushiki gundi, basi tundika shuka ubandike humo.

Anza na mwisho. Kadi nyekundu, lengo kuu, ikae kulia kabisa. Wakiandika “Amani katika jamii”, warudishie. Waulize: mtu akifika pale maji yanapogawanyika, kiangazi, ataona nini asichokiona leo? Jibu linalofaa ni kama “Vijiji vyote viwili vinaheshimu zamu kiangazi chote.”

Kushoto, kadi za njano: shughuli. Dakika kumi zinatosha, maana semina na bonanza la mpira kila mtu anavijua. Zinafuata za bluu, mazao ya kazi, yaani kinachohesabika kazi ikiisha: vijana 40 wamefunzwa usuluhishi, ratiba ya zamu imeandikwa.

Sasa kijani, mabadiliko. Hapa ndipo warsha nyingi hukwama. Utaletewa “Vijana 40 wamehamasika”, ambayo ni ile bluu imebadilishwa shati. Dai mhusika na kitendo: nani anafanya nini ambacho zamani hakufanya? “Msimamizi wa lango la maji anafungulia kijiji cha chini siku yao, bila kusukumwa.” Hiyo bandika.

Wakiendelea kuchanganya, watajie mfano wa mji huuhuu. Mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa Arusha Agosti 4, 1993. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza. Saini ni kadi ya bluu. Waulize ni kadi zipi za kijani zilihitajika baada yake, kisha nyamaza wafikiri. Kama ukumbini kuna aliyeguswa na mauaji yale, mwombe ridhaa pembeni kabla hujautumia; akisita, uache.

Kisha mishale ya chaki kati ya kadi, sababu ikiandikwa juu ya kila mmoja. Kila mshale usomwe kwa sauti: ikiwa, basi, kwa sababu. “Ikiwa vijana wamefunzwa usuluhishi, basi maji yatagawiwa kwa haki, kwa sababu…” Hapo kikundi hunyamaza. Vijana hawashiki lango! Usiwajibie. Wakigundua wenyewe, wataongeza kadi ya njano inayomhusu msimamizi wa lango na wazee wanaomteua.

Vikundi vibadilishane kuta. Wageni wasome kutoka kulia kwenda kushoto, wabandike alama ya kuuliza kwenye mshale wasioamini. Wenye ukuta wasijitetee kwa dakika kumi, wasikilize tu. Ukiwaruhusu kueleza, maelezo yatabaki mdomoni na mshale utabaki na tundu lake.

Usivuke bila kuuliza kila kadi ya njano inaweza kuchochea nini. Semina zote zikifanyika kijiji cha juu kwa kuwa ndiko kwenye ukumbi, posho na chakula vinabaki huko, na wa chini watasema mradi una wenyewe. Badilisheni zamu za mahali, au kaeni shule iliyo katikati.

Viashiria, yaani vipimo vya kuonyesha kama mabadiliko yametokea, viwekwe kwenye kijani. Siku ngapi za zamu zimeheshimiwa mwezi huu, kwa daftari linalosainiwa na vijiji vyote viwili? Kuhesabu waliohudhuria semina ni kazi ya bluu.

Kabla ya kubandua, andika namba nyuma ya kila kadi, kushoto kwenda kulia, upige picha ukuta mzima na kila mshale kwa karibu. Mishale ya chaki haibebeki, na sababu zote zimeandikwa juu yake.