Vijana 10 wa Oxford na Meza Yao Moja

Hamjambo wapendwa wangu wa Tanga, na ninyi mnaonitazama Dar na Mombasa! Leo nipo Oxford, kwenye barabara ya High Street. Wadogo zangu wengi mnaniuliza, “Kaka, mawaziri wakuu wa Uingereza walisoma nini hapo?” Leo tuache darasa, tuingie mezani.

Kuna chama cha wanafunzi kinaitwa Bullingdon Club. Kilianza 1780 kwa kriketi na mbio za farasi, baadaye kikawa chama cha karamu. Huombi kujiunga, unaitwa, na wasichana hawaitwi. Sare yao ni koti la buluu lenye mkia na kizibao cha rangi ya haradali, vitu vya maelfu ya pauni. Mwaka 1894 walivunja madirisha zaidi ya 400 ya majengo ya Peckwater, pale chuo cha Christ Church. Mwaka 1927 wakarudia, ndipo wakakatazwa kukutana ndani ya maili 15 kutoka Oxford. Kwetu mtoto akivunja kioo kimoja cha bweni, baba anaitwa shule na mbuzi anauzwa. Hilo linaniuma, sifichi.

Sasa kuna picha ya 1987, vijana 10 kwenye ngazi. Mmoja ni David Cameron, mwingine Boris Johnson, wote wawili walikuja kuwa mawaziri wakuu. George Osborne, aliyekuja kuwa waziri wa fedha wa Cameron, aliingia chamani miaka michache baadaye. Ikafika Juni 2016, kura ya kuamua Uingereza ibaki au itoke Umoja wa Ulaya: Cameron, waziri mkuu wakati huo, anasema tubaki, Johnson anasema tutoke. Nchi nzima inavuta kamba, na walioshika ncha mbili ni watu waliovaa sare moja! Cameron akajiuzulu, na 2019 Johnson akawa waziri mkuu.

Ninayemfikiria zaidi ni Radosław Sikorski wa Poland. Alikuwa Uingereza kijana mdogo utawala wa kijeshi ulipotangazwa kwao 1981, akapewa hifadhi. Mkimbizi huyo akaitwa kwenye meza ile, na baadaye akawa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake. Kwa hiyo mlango uliwahi kumfungukia mgeni. Mgeni wa Kiafrika je? Swali hilo ninatembea nalo.

Ngoja nigeuze kamera. Mnaiona sanamu ile juu ya jengo la chuo cha Oriel? Ni Cecil Rhodes, Mwingereza aliyeongoza ukoloni kusini mwa Afrika, naye alikuwa mwanachama wa Bullingdon. Utajiri wake ulitoka kwenye almasi ya Kimberley, Afrika Kusini, na ufadhili wenye jina lake huleta hapa vijana wa Kenya hadi leo. Wengi walidai sanamu ishushwe. 2021 chuo kikasema itabaki. Mimi ningeishusha.

Mnaokuja Oktoba, niandikieni mapema. Jumapili napika pilau nyumbani kwangu, na dada zetu ndio wa kwanza kukaribishwa.